Uelekezaji wa eksirei ya kubebeka kwa kamera

Uelekezaji wa eksirei ya kubebeka kwa kamera ni mbinu ya kuweka mashine ndogo ya eksirei mahali panapotakiwa, kwa umbali na pembe sahihi, kwa msaada wa kamera iliyofungwa kwenye mashine hiyo au karibu nayo. Kamera humwangalia mgonjwa na bamba la kupokea picha, programu ya kompyuta hupima umbali na mwinamo, kisha skrini humwonyesha mtaalamu wa mionzi jinsi ya kusogeza mashine kabla ya kupiga picha. Mbinu hii hutumika hasa pale ambapo mashine haikufungwa ukutani wala darini: wodini, katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye kambi za upimaji wa kifua kikuu, na katika tiba ya mifugo.

Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ina ugumu mmoja wa msingi. Picha ya eksirei hutegemea vitu vitatu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja, yaani chanzo cha miale, kiungo cha mwili, na bamba lililo nyuma ya mgonjwa. Chanzo kimefungiwa ndani ya kasha, kiungo kimefunikwa na ngozi, na bamba limelaliwa. Kwa hiyo kamera haioni hata kimoja kati ya vitu ambavyo inatakiwa kuvipanga, na sehemu kubwa ya mbinu hii ni njia za kukadiria visivyoonekana kutokana na vinavyoonekana.

Umuhimu wa mahali pa mashine

Katika chumba cha eksirei cha hospitali, bomba la eksirei huning'inia kwenye reli na bamba hukaa kwenye fremu yake. Chuma chenyewe hulinda umbali na pembe. Mashine ikipelekwa kando ya kitanda, ulinzi huo haupo. Mgonjwa amelala au ameegemezwa mito, bamba limesukumwa chini ya mgongo wake, na mtaalamu anakadiria kwa jicho au kwa utepe wa kupimia.

Kosa la kwanza ni la umbali. Nguvu ya miale hupungua kwa mraba wa umbali: mashine iliyokusudiwa kukaa sentimita 100 kutoka kwenye bamba ikiwekwa sentimita 90, bamba hupokea miale zaidi kwa takriban asilimia 23, ikiwekwa sentimita 120, miale hupungua kwa takriban asilimia 31. Bamba za kidijitali huficha kosa hili, kwa sababu kompyuta husawazisha weupe na weusi wa picha. Picha hutoka nzuri hata pale mgonjwa alipopewa mionzi kupita kiasi, na mara nyingi hakuna anayegundua.

Umbali hubadilisha pia ukubwa wa vivuli. Picha ya kifua ya kawaida hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kikigusa bamba, na chanzo kikiwa nyuma yake kwa sentimita 180. Kando ya kitanda hali hugeuka: miale huingia kwa mbele, mara nyingi kwa umbali wa sentimita 100 hivi, na moyo huwa mbali zaidi na bamba. Tuchukue moyo wenye upana wa sentimita 12. Ukiwa sentimita 8 kutoka kwenye bamba na chanzo kikiwa sentimita 180, kivuli chake hufikia sentimita 12.6. Moyo huohuo ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye bamba na chanzo kikiwa sentimita 100, kivuli hufikia sentimita 14.1. Daktari asiyejua umbali uliotumika anaweza kudhani moyo umetanuka.

Kosa la pili ni la pembe. Vitu viwili vilivyoachana kwa kina ndani ya mwili husogezana kwenye picha bomba linapoinamishwa. Mtulinga uko mbele ya kifua na mbavu za nyuma ziko mgongoni. Kama kuna sentimita 10 kati yake, mwinamo wa nyuzi 10 husogeza kivuli cha kimoja juu ya kingine kwa karibu sentimita 1.8. Jambo hili si dogo kwa mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia. Ncha ya mrija huo hutakiwa kukaa sentimita chache, kwa kawaida 3 hadi 7, juu ya panda ya bomba la pumzi, pale linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Ikishuka mno huingia upande mmoja, mara nyingi wa kulia, na pafu la pili hukosa hewa. Panda yenyewe isipoonekana vizuri, msomaji wa picha huegemea mitulinga na pingili za uti wa mgongo ili kukadiria, na hivyo ndivyo vitu vinavyosogea pembe inapokosewa.

Kosa la tatu hutokea panapotumika gridi, yaani kimia cha vipande vyembamba vya madini ya risasi kinachowekwa mbele ya bamba ili kuzuia miale iliyotawanyika mwilini. Gridi hupitisha miale inayokuja sambamba na vipande vyake na kuzuia mingine. Katika gridi ya uwiano wa 8 kwa 1, mwinamo wa nyuzi 3 tu kukatiza vipande huondoa takriban asilimia 42 ya miale halali. Nyuzi 5 huondoa asilimia 70, na zikipita 7 kidogo hakuna kinachobaki. Godoro laini linaweza kuinamisha bamba kwa nyuzi hizo bila mtu kutambua. Ndiyo sababu wodi nyingi hupiga picha bila gridi na kukubali picha yenye ukungu.

Historia

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Haikuchukua muda mashine zikaanza kubebwa. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza John Battersby alipiga picha za majeruhi kando ya mto Nile kwa umeme uliozalishwa na baiskeli ya watu wawili. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Marie Curie aliandaa magari yenye mitambo ya eksirei kwa ajili ya hospitali za mstari wa mbele nchini Ufaransa, na binti yake Irène alifanya kazi naye.

Madaktari wa wakati huo walihitaji kujua zaidi ya kwamba kuna kipande cha chuma mwilini. Walitaka kujua kiko kina gani. James Mackenzie Davidson, daktari wa macho aliyefanya kazi Aberdeen na baadaye London, alieneza njia ya kupiga picha mbili huku bomba likisogezwa kwa umbali unaojulikana. Kivuli husogea kati ya picha ya kwanza na ya pili, na kwa hesabu ya pembetatu kina hupatikana. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumiwa leo na kamera mbili zilizowekwa pamoja kupima umbali.

Kwa miaka mingi kifaa kikuu cha kuelekeza mashine kimekuwa taa. Ndani ya kisanduku kilicho mbele ya bomba, chenye milango ya risasi inayopunguza upana wa miale, kuna taa ndogo kando na kioo chembamba kilichoinama kwa nyuzi 45 hivi. Eksirei hupenya kioo. Mwanga wa taa huakisiwa nacho na kutoka kana kwamba umetoka kwenye chanzo cha eksirei. Mraba wa mwanga unaoangukia kifua cha mgonjwa huonyesha mahali miale itakapopita. Taa hiyo ni nzuri, ila haisemi lolote kuhusu umbali wala mwinamo wa bamba.

Mwaka 1999 Nassir Navab na wenzake walieleza mashine ya upasuaji ya mkono wa umbo la C iliyoongezewa kamera. Katika mpango huo, ambao baadaye uliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, kamera ilichukua nafasi kama ile ya taa: kwa kutumia kioo ilifanywa ione kana kwamba iko kwenye chanzo cha eksirei, hivyo picha ya kamera na ya eksirei ziliweza kuwekwa moja juu ya nyingine. Mwezi Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza Kinect, kifaa cha michezo ya video kilichopima umbali wa kila sehemu ya chumba na kutambua viungo vya mchezaji. Kilikuwa cha bei nafuu kiasi kwamba maabara nyingi za tiba zilikinunua kwa majaribio, na wazo la kumpima mgonjwa kwa kamera ya kina likaenea kutoka hapo.

Kamera na chanzo cha miale

Kamera na mashine ya eksirei zina jiometria moja. Katika kamera, mwanga kutoka kila upande hukutana kwenye nukta moja ndani ya lensi. Katika eksirei, miale hutoka kwenye nukta moja na kusambaa. Kamera ikikaa kwenye nukta ya chanzo, kila kitu inachokiona kwenye pikseli fulani ndicho mwale wa upande huo utakachokipiga, kiwe karibu au mbali.

Kuiweka kwenye nukta hiyo hakuwezekani ila kwa kioo, na kioo huongeza uzito na nafasi. Mashine za kubebwa mkononi hazina nafasi hiyo. Moja inayojulikana, FDR Xair ya Fujifilm, ina uzito wa kilo 3.5 tu. Njia rahisi ni kubandika kamera kando ya kisanduku, na hapo huzuka paralaksi, yaani tofauti ya mwonekano kati ya macho mawili yasiyokaa mahali pamoja.

Hesabu yake ni fupi. Kamera iko sentimita 10 kando ya chanzo, na programu imesawazishwa ili mraba unaochorwa kwenye skrini ulingane na miale kwenye umbali wa sentimita 100, yaani kwenye bamba. Ngozi ya kifua iko sentimita 75 kutoka kwenye chanzo. Kwenye ngozi, mraba wa skrini utakuwa umekosea kwa sentimita 2.5, wote kuelekea upande wa kamera. Mtaalamu anayeamini skrini atasogeza mashine sentimita 2.5 kwenda upande usiofaa, na kwa mtoto mchanga kiasi hicho kinatosha kukata pembe ya pafu. Tiba yake ni kupima kina: programu ikijua ngozi iko umbali gani, huchora mraba kwa umbali huo.

Kabla ya hayo yote kamera husawazishwa. Njia inayotumika zaidi ni ile iliyochapishwa na Zhengyou Zhang mwaka 2000: ubao wenye miraba myeusi na myeupe kama wa dama hupigwa picha mara kadhaa katika pembe tofauti, na programu hukokotoa tabia za lensi. Kisha hutafutwa uhusiano kati ya kamera na chanzo cha eksirei. Kwa kazi hiyo hutumiwa ubao wenye alama zinazoonekana na kamera na vipande vya chuma vinavyoonekana kwenye eksirei, vyote katika mahali panapojulikana. Usawazishaji huu huharibika kamera ikigongwa, jambo la kawaida kwa mashine inayosukumwa kwenye korido na kupandishwa kwenye lifti.

Kutafuta bamba lisiloonekana

Bamba la kawaida la picha ya kifua lina ukubwa wa sentimita 35 kwa 43. Likishaingizwa chini ya mgonjwa mzima mwenye mwili mpana, kinachobaki nje ni ukingo au mpini tu.

Suluhisho la kwanza ni alama. Alama za miraba kama AprilTag, iliyotangazwa na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2011, au ArUco kutoka Chuo Kikuu cha Córdoba, Uhispania, hubandikwa kwenye mpini unaojitokeza. Kila alama ina namba yake na kona nne. Kwa kuwa ukubwa wake unajulikana, kamera moja tu inaweza kukadiria umbali na mwelekeo wake, na kwa hiyo wa bamba zima.

Alama ina udhaifu ambao watengenezaji wapya hukutana nao mapema. Umbali hupatikana vizuri, mwinamo haupatikani vizuri. Alama ya sentimita 10 inayotazamwa uso kwa uso, ikiinamishwa nyuzi 5, hufupika machoni pa kamera kwa milimita 0.4 tu. Kivuli cha shuka au ukungu kwenye lensi unaweza kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Na nyuzi 5, kama ilivyoonekana juu, zinatosha kuharibu picha yenye gridi.

Kwa sababu hiyo mwinamo huachiwa kifaa kingine, kihisi cha mvutano wa dunia kama kile kinachogeuza skrini ya simu. Kimoja huwekwa kwenye bamba na kingine kwenye bomba. Kitanda kikiinuliwa kichwani kwa nyuzi 30, kihisi cha bamba husema nyuzi 30, na bomba huinamishwa mpaka namba zilingane. Vihisi hivi ni vya bei ndogo na hupima kwa usahihi wa chini ya nyuzi moja. Lakini vina upofu wao: havijui chochote kuhusu mzunguko wa kulia na kushoto, kwa sababu mzunguko huo haubadilishi uelekeo wa chini. Bamba lililosimamishwa nyuma ya mgonjwa aliyeketi linaweza kuwa limegeukia dirishani, na kihisi kisiseme neno. Upofu wa kihisi ndipo kamera huona, na upofu wa kamera ndipo kihisi huona. Mifumo inayofanya kazi vizuri hutumia vyote viwili.

Alama isipoonekana kabisa, programu nyingine hukumbuka. Kamera huangalia bamba linavyoingizwa, hushika mahali lilipoonekana mara ya mwisho, na kihisi huendelea kufuatilia mwinamo. Makadirio hayo huchakaa haraka mgonjwa akijigeuza.

Kutambua mwili wa mgonjwa

Kamera ya kina hutoa ramani ya umbali badala ya rangi. Baadhi hutawanya nukta za mwanga wa infraredi na kuangalia zilivyopindika. Nyingine hupima muda ambao mwanga huchukua kwenda na kurudi. Nyingine hutumia kamera mbili kama macho. Kutoka kwenye ramani hiyo programu hutafuta mabega, kidevu, kiwiko na nyonga, kisha hukisia mahali pa viungo vya ndani. Katika picha ya kifua inayopigwa kwa mbele, kitovu cha miale hulengwa takriban sentimita 8 hadi 10 chini ya kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Mtaalamu hukipata kishimo hicho kwa kidole. Programu hukikisia kutokana na mabega na shingo, na hukosea zaidi kwa mgonjwa mwenye kibyongo, mwenye plasta, au aliyefungwa mirija mingi.

Shuka na blanketi ni kikwazo kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Programu nyingi hukokotoa unene wa mgonjwa kwa kutoa umbali wa ngozi kutoka kwenye umbali wa bamba, halafu hupendekeza kiasi cha miale. Blanketi lililofutuka huonekana kama nyama. Kwa kuwa kila sentimita 4 hivi za nyama laini hupunguza miale karibu nusu, blanketi lililoinuka sentimita 4 linaweza kuifanya mashine ipendekeze miale mara mbili ya inayohitajika. Kufunua kifua, kwa heshima na nyuma ya pazia, hakuwezi kuachiwa programu.

Faida moja ya kamera ya kina haipatikani kwa taa wala kwa utepe: huona pumzi. Picha ya kifua hutakiwa kupigwa mgonjwa akiwa amevuta hewa kikamilifu. Mgonjwa aliye hoi hawezi kufuata amri ya kuvuta na kubana pumzi, lakini kifua chake hupanda na kushuka kwa milimita kadhaa, na kamera inaweza kumwonyesha mtaalamu kilele cha pumzi ili abonyeze wakati huo.

Usahihi unaohitajika na namna ya kuupima

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni cha kanuni za Marekani: mraba wa mwanga na uwanja wa eksirei visiachane kwa zaidi ya asilimia 2 ya umbali kati ya chanzo na bamba. Kwa sentimita 100 hiyo ni sentimita 2. Kamera inayokosea zaidi ya hapo ni mbaya kuliko taa ambayo tayari imo ndani ya mashine. Kanuni hizohizo hukataza mashine za kuhamishika kusogezwa karibu na ngozi chini ya sentimita 30.

Mafundi wa vifaa tiba wana jaribio la zamani la sarafu, ambalo linafaa pia kwa kamera. Bamba huwekwa mezani, taa huwashwa, na sarafu hupangwa kwenye kingo nne za mraba wa mwanga, zikigusa mstari kwa nje na kwa ndani. Picha hupigwa, na sarafu huonyesha kama miale iliishia pale mwanga ulipoishia. Kwa kamera, sarafu hupangwa kwa kufuata mraba unaochorwa kwenye skrini. Jaribio hilo peke yake halitoshi, maana usawazishaji wa mezani unaweza kuwa sahihi huku paralaksi ikibaki. Hivyo hurudiwa sarafu zikiwa juu ya boksi la karatasi lenye kimo cha sentimita 20 au 25, kinachokaribia unene wa kifua. Sarafu za mezani zikiwa sawa na za kwenye boksi zikiwa zimekimbilia upande mmoja, kosa liko kwenye upimaji wa kina.

Mwinamo hupimwa kwa bolti ndefu iliyosimamishwa wima juu ya bamba, katikati ya miale. Bomba likiwa limenyooka, kivuli cha bolti ni duara. Likiwa limeinama, kivuli hurefuka kuelekea upande wa kosa, na urefu huo ukigawanywa kwa kimo cha bolti hutoa pembe kwa ukaribu. Ni jaribio la dakika tano, na inafaa kulirudia kila mashine inapoanguka au kugongwa.

Matumizi

Katika chumba cha wagonjwa mahututi thamani kubwa ya mbinu hii ni ulinganisho. Mgonjwa mmoja huweza kupigwa picha siku baada ya siku, na daktari huuliza kama maji kwenye mapafu yameongezeka. Maji yaliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua hutambaa mgongoni mgonjwa akilala chali na kuonekana kama ukungu hafifu. Akiketishwa hukusanyika chini na kuonekana wazi. Tofauti kati ya picha ya jana na ya leo inaweza kuwa tofauti ya mto. Mfumo unaohifadhi umbali, pembe ya bomba na pembe ya kitanda pamoja na kila picha humwezesha mtaalamu wa zamu nyingine kurudia mpangilio uleule, na msomaji kujua kama picha mbili zinalinganishika.

Wakati wa janga la UVIKO-19 baadhi ya hospitali zilipiga picha za kifua kupitia kioo cha mlango, mashine ikibaki nje na bamba likiwa ndani na mgonjwa. Umbali ulikuwa mkubwa kuliko kawaida na watu wawili walilazimika kuelewana kwa ishara, hali iliyoonyesha ugumu wa kulenga bamba kwa jicho.

Katika upimaji wa kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha za kifua badala ya binadamu kwa watu wenye umri wa miaka 15 au zaidi. Pendekezo hilo liliongeza umuhimu wa mashine nyepesi zenye betri zinazofika vijijini, magerezani na migodini. Hapo mtu husimama, bamba liko kwenye kiegemeo na mashine juu ya miguu mitatu, mpangilio ulio rahisi zaidi kwa kamera. Makosa yaliyobaki ni ya mkao: mabega yasiyosukumwa mbele huacha vivuli vya mifupa ya bega juu ya mapafu, na mwili uliogeuka kidogo hulifanya pafu moja lionekane jeupe kuliko jingine. Kamera inayogundua bega moja liko mbele ya jingine huweza kuonya kabla ya picha, na onyo hilo halimgharimu mtu mionzi yoyote.

Madaktari wa mifugo hupiga miguu ya farasi kwa mashine za mkononi, mtu mmoja akishika mashine na mwingine bamba. Farasi hatulii na miale huenda sambamba na ardhi kuelekea kwa watu. Alama kwenye bamba husaidia hapa kuliko wodini, kwa sababu bamba lote huonekana.

Usalama, sheria na faragha

Kamera haipunguzi mionzi ya picha iliyopigwa vizuri. Hupunguza picha za kurudia. Mtaalamu bado husogea angalau mita 2 kutoka kwa mgonjwa au hujikinga kwa aproni ya risasi. Kuna hatari pia kwamba msaada huu utazalisha uzembe mpya: programu inayofunga milango ya risasi yenyewe inaweza kubana uwanja mno na kukata pembe za chini za mapafu, na picha ikarudiwa. Kwa hiyo mtaalamu hutakiwa kuhakiki mraba kwa taa na kuwa na uwezo wa kukataa pendekezo la mashine.

Matumizi ya vifaa vya mionzi husimamiwa nchini Tanzania na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na nchini Kenya na mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya udhibiti wa nyuklia ya mwaka 2019. Kamera huongeza suala jingine, kwani humrekodi mgonjwa akiwa amefunuliwa kifua, na mara nyingi wagonjwa wa vitanda vya jirani huingia kwenye picha. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Mifumo mingine hutumia ramani ya kina peke yake, ambayo haionyeshi sura kwa uwazi, au hufuta video mara tu picha ya eksirei inapokamilika na kubakiza namba za umbali na pembe.